Gari limefanya ajali mara mbili: tukate asiransi kwa kampuni kubwa au kwa kampuni ya hapa?

Majuma haya ya karibuni swali moja limerudi mara nyingi katika mikutano ya vikundi vyetu hapa Lubumbashi. Linatoka Katuba, linatoka Ruashi, linatoka kwa wauzaji wa soko la Kenya. Swali ni hili: gari la kikundi, au gari la nyumba, limefanya ajali mara mbili au tatu. Siku ya kurudisha asiransi imefika, na kampuni imepandisha bei, au imesema haitaki tena. Sasa tufanye nini? Tuende kwa kampuni kubwa yenye jina, au kwa kampuni ya hapa ambayo mwenyewe tunaweza kuonana naye?

Swali hili si dogo. Kwa wengi wetu gari si la kujionyesha. Ni gari linalobeba unga, makala, samaki na mboga. Limenunuliwa kwa likelemba ya miaka, franka juu ya franka. Siku likigonga mtu na hakuna asiransi, deni linaweza kula gari, likala na mtaji, likafika mpaka kwenye nyumba. Kwa hiyo tumekaa, tumeuliza, tumesoma mikataba, na hapa tunawaletea yale tuliyoyapata.

Asiransi ya lazima inamlipa nani?

Tuanze hapa, kwa sababu wengi wetu tunalipa bila kujua tunalipia nini. Katika nchi yetu sheria ya tarehe 5 Januari 1973 inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na asiransi inayolipa watu wengine anaowaumiza au kuwaharibia mali. Hiyo ndiyo ile karatasi ambayo polisi wa rulaji wanaiomba barabarani.

Asiransi hiyo ya lazima hailipi gari lako. Shofere wako akigonga duka la mtu, mwenye duka analipwa. Taa na boneti ya gari lako unajitengenezea mwenyewe. Ukitaka gari lako pia litengenezwe, au ulipwe likiibwa au likiungua, unaongeza vipande vingine juu ya mkataba, na kila kipande kina bei yake. Watu waliobebwa ndani ya gari nao waulizie wazi: wamo katika mkataba au hawamo? Gari linalobeba wamama kumi kwenda sokoni, na mkataba unasema ni gari la matumizi ya nyumba, hilo ni tatizo linalongoja siku yake.

Zamani mlango mmoja, leo milango mingi

Wamama wenye umri wanakumbuka kwamba zamani hapakuwa na kuchagua. SONAS, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 1966, ndiyo ilikuwa peke yake nchi nzima. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ndiyo ilifungua soko. Ikaundwa ARCA, mamlaka inayosimamia makampuni ya asiransi na kulinda haki za wanaolipa. Mwaka 2019 makampuni ya kwanza ya watu binafsi yakapewa ruhusa, kati yao Rawsur, SFA Congo na Activa. SONAS ikabaki kazini pamoja nao, na baadaye wengine wakaingia.

Kwa hiyo leo tunaposema "kampuni kubwa" tunaweza kumaanisha vitu viwili: ile ya serikali yenye ofisi katika majimbo mengi, au kampuni iliyo tawi la kundi la nje, kama Activa iliyoanzia Kamerun, au Mayfair iliyotoka Kenya. Na tunaposema "kampuni ya hapa" tunamaanisha ile iliyozaliwa hapa Kongo, yenye wakubwa wake hapa. Lakini angalieni: ya hapa haimaanishi dhaifu, na ya nje haimaanishi tajiri kwako. Jambo la kwanza kwa zote ni moja: je, ina ruhusa ya ARCA? Hata kurtye, yule anayekutafutia kampuni na kukujazia karatasi, naye lazima awe na ruhusa. Mtu anayeuza asiransi kwa mkoba, bila ofisi wala risiti yenye jina la kampuni, mwacheni aende zake. Karatasi yake inaweza kumdanganya polisi mmoja, lakini siku ya ajali haitamlipa mtu yeyote.

Kwa nini ajali za jana zinapandisha bei ya leo

Sisi wamama wa likelemba tunaweza kulielewa jambo hili haraka. Asiransi ni kikapu kimoja. Wengi wanatia, wachache wenye shida wanachukua. Kama mmoja anachukua mara tatu kwa mwaka na anatia sawa na wengine, kikapu kitakauka. Ndiyo maana kampuni inamwangalia aliyefanya ajali nyingi na kumwambia: wewe utatia zaidi.

Wenzetu wa lugha ya Kifaransa wanauita mtindo huu bonusi na malusi. Ufaransa, kwa mfano, mwaka bila ajali unashusha malipo kwa asilimia 5, na kila ajali ya kosa lako inayapandisha kwa asilimia 25. Ukiangalia vizuri utaona: kupanda ni mara moja, kushuka ni kidogo kidogo kwa miaka. Hapa kwetu kila kampuni ulizeni kanuni yake, lakini mwendo ni huohuo: jina la gari linaharibika kwa siku moja, linasafishwa kwa miaka.

Kampuni haitazami hesabu ya ajali tu. Inatazama nani alikuwa na kosa, hasara ilikuwa kiasi gani, shofere ana permi tangu lini, gari linafanya kazi gani, na linalala wapi usiku. Hapa ndipo wamama wengi wanapoteza pesa bila kujua.

Tuwape mfano wa kikundi kimoja cha wamama wauza unga. Waliambiwa gari lao lina ajali tatu, na bei ikapandishwa sana. Walipokaa na kuhesabu, wakakumbuka kwamba katika ajali moja gari lao lilikuwa limesimama kando ya barabara, na taksi ndiyo iliyowagonga kwa nyuma. Polisi alikuwa ameandika PV, lakini karatasi hiyo ililala katika begi la shofere, haikufika kamwe kwenye kampuni. Huko ofisini ajali hiyo iliandikwa kama zile nyingine. Walipoipeleka, walibaki na ajali mbili za kosa lao, na mazungumzo ya bei yakaanza upya.

Kwa hiyo kabla ya kuhama, ombeni kampuni ya zamani iwape karatasi inayoonyesha historia ya gari lenu: ajali ngapi, za mwaka gani, kosa la nani, imelipwa kiasi gani. Isomeni pamoja. Kampuni mpya nayo inaweza kuiomba karatasi hiyohiyo.

Kampuni kubwa: faida na ugumu

Kampuni kubwa ina kikapu kikubwa. Ajali moja nzito, ya watu wengi kuumia, haiitikisi haraka. Ina ofisi katika miji mingine, na hilo ni muhimu kama gari lenu linakwenda Likasi, Kolwezi au mbali zaidi. Mara nyingi karatasi zake zimepangwa vizuri, na kuna ngazi za kupanda ukiwa na malalamiko.

Ugumu wake ni kwamba mara nyingi haikujui. Karani anaingiza majibu yako katika ordinateri: ajali mbili, shofere kijana, gari la kubeba watu. Bei inatoka, na karani hana nguvu ya kuibadilisha. Ukimweleza kwamba shofere aliyefanya ajali hizo mmeshamwondoa, anaweza kukusikiliza kwa huruma, lakini uamuzi uko kwa wakubwa wa Kinshasa. Pia kampuni iliyo na wateja wengi wazuri inaweza isiwe na haja kubwa na wewe.

Kampuni ya hapa: faida na ugumu

Kampuni ya hapa, hasa ile inayotafuta wateja, inaweza kukaa na wewe. Mkuu wa ofisi anaweza kuja kuona gari, kuona mahali linapolala, kuongea na shofere mpya. Kikundi cha wamama chenye magari mawili, au vikundi vitatu vinavyokuja pamoja, kinaweza kuombewa bei ya pamoja. Kwa mtu mwenye historia mbaya, nafasi ya kueleza ni dhahabu.

Ugumu wake: kikapu chake kinaweza kuwa kidogo zaidi. Ulizeni kampuni hiyo imejiwekea nani nyuma yake, kwa sababu hata makampuni ya asiransi yanakata asiransi kwa makampuni makubwa zaidi ili ajali nzito isiwaangushe. Si aibu kuliuliza hilo. Kampuni nzuri itajibu bila hasira. Ulizeni pia kama wana ofisi nje ya mji. Na jambo la mwisho: kujuana kusiwafumbe macho. Kama mkuu wa ofisi ni jirani au anasali pamoja nanyi, mkataba bado usomwe mstari kwa mstari.

Hesabu kwanza, jina baadaye

Hapa tunawaomba mchukue kalamu. Katika vipande vile vinavyotengeneza gari lako mwenyewe kuna neno linaloitwa franshizi. Maana yake ni sehemu ya hasara ambayo wewe unailipa mwenyewe kila ajali, kabla kampuni haijatoa chochote. Kwa gari lenye historia mbaya, neno hili lina uzito kuliko bei iliyoandikwa juu.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kampuni ya kwanza inaomba dola 300 kwa mwaka, na franshizi yake ni dola 200. Kampuni ya pili inaomba dola 420, na franshizi yake ni dola 50.

Mwaka ukipita bila ajali, ya kwanza imewagharimu 300 na ya pili 420. Ya kwanza ni rahisi.

Ikitokea ajali moja, ya kwanza inafika 500 na ya pili 470. Tayari imegeuka.

Zikitokea ajali mbili, ya kwanza inafika 700 na ya pili 520. Sasa mmepoteza dola 180 kwa kufuata bei ya chini.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "nani ana bei ndogo?" Swali ni "gari letu, kwa ukweli wake, litafanya ajali ngapi?" Kama shofere ni yuleyule na mwendo ni uleule, msijidanganye kwa kuhesabu mwaka bila ajali.

Nendeni kwenye ofisi tatu au nne, kubwa na za hapa, na maswali yaleyale, na majibu myaandike: bei, franshizi, nani analipwa, abiria wamo au hawamo, kama mnaweza kulipa kwa vipande, na ajali ikitokea mnatakiwa kuitangaza ndani ya siku ngapi. Jibu la mdomo peke yake halitoshi. Kisha tafuteni watu waliokwisha kulipwa na kampuni hiyo, muwaulize: mlingoja miezi mingapi? Kampuni inajulikana siku ya kulipa, haijulikani siku ya kupokea.

Msifiche ajali

Tunajua jaribu lipo. Ukihama kampuni, unasema gari ni safi, halijawahi kugonga hata kuku. Bei inashuka siku hiyo. Lakini siku ya ajali kampuni inachimba, inauliza, inapata. Uongo wa makusudi unaweza kuufuta mkataba wote, na pesa mlizotia zisirudi. Hapo mtakuwa mmelipa mwaka mzima kwa karatasi tupu.

Tena afadhali kueleza wenyewe. Andikeni barua fupi: ajali zilitokea lini, sababu ilikuwa nini, na tumebadilisha nini tangu siku ile. Barua ya namna hiyo, pamoja na PV na nakala ya permi ya shofere mpya, inasaidia kuliko machozi mbele ya karani. Mkikataliwa, ombeni kukataliwa kwa maandishi. Na kama kampuni mliyonayo inakataa kulipa ajali bila sababu iliyoandikwa, ARCA ndipo mahali pa kupeleka malalamiko.

Kusafisha jina la gari

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Asiransi nzuri haiponyi uendeshaji mbaya. Vikundi vilivyofaulu kushusha bei vimefanya mambo ya kawaida tu, lakini kila siku.

Kwanza, gari lina shofere mmoja anayejulikana, na jina lake liko katika mkataba. Mtoto wa mwenyekiti, mjomba, rafiki wa shofere, hao hawashiki usukani hata kwa dakika tano.

Pili, shofere analipwa kwa namna ambayo haimsukumi kukimbia. Ukimwambia alete kiasi fulani kila jioni, na kinachozidi ni chake, umemwambia akimbie. Wamama, hapo tujiangalie.

Tatu, kuna daftari ndani ya gari: breki ziliangaliwa lini, matairi yalibadilishwa lini, gari lilipita kontroli tekniki lini. Daftari hilo mnaweza kulipeleka kwenye kampuni siku ya kuomba bei.

Nne, kuna mzigo na kuna usiku. Gari lililojazwa kupita kiasi halisimami haraka. Na magari mengi ya mji wetu yana usukani upande wa kuume wakati sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Shofere wa gari la namna hiyo haoni vizuri mbele anapotaka kupita lori. Katika njia ya Kasumbalesa, yenye malori ya madini mchana na usiku, kupita vibaya mara moja kunatosha.

Kwa wale wanaovuka Kasumbalesa

Wengi wetu tunafuata bidhaa Zambia. Asiransi ya hapa peke yake haitoshi ng'ambo ile. Gari linahitaji Karte ya Manjano ya COMESA, inayokubaliwa Zambia na katika nchi nyingine kadhaa za mpango huo, hata Tanzania. Karte hiyo inaongezwa juu ya asiransi mliyonayo. Basi katika maswali ya kuuliza kila kampuni, kubwa au ya hapa, tieni hili: je, mnatoa Karte ya Manjano, na kwa siku ngapi? Na mkumbusheni shofere kwamba Zambia wanaendesha upande wa kushoto. Jina baya linaweza kupatikana ng'ambo pia.

Basi tuchague ipi?

Tukipima yote, tunasema hivi. Kama gari lenu linasafiri mbali na linabeba watu wengi, nguvu ya kikapu na ofisi za majimboni zina uzito. Anzeni na kampuni kubwa, hata ikiwa bei iko juu kidogo. Kama gari linazunguka mjini, ajali zake zilikuwa ndogo, na mmeshabadilisha shofere, nendeni kwanza kwenye kampuni ya hapa inayokubali kuwasikiliza, hakikisheni ina ruhusa ya ARCA, na ombeni iandikwe kwamba bei itatazamwa upya baada ya mwaka bila ajali. Na kama hamna uwezo wa kulipia vipande vyote, acheni kile cha kutengeneza gari lenu kabla ya kugusa kile cha kulipa wengine na abiria.

Tunasema hivyo kwa sababu moja. Ajali haina kinga, na siku gari letu litakapomgonga mtoto wa mtu, kutakuwa na mama mwingine amekaa kwenye benchi la hospitali, anaombwa pesa kabla mtoto hajaguswa. Mama huyo hajali kama kampuni yetu ni kubwa au ndogo. Anataka kujua kama kuna mtu atalipa. Na kesho mama huyo anaweza kuwa mmoja wetu, na gari likawa la mwingine.

Ya kuzungumza katika kikundi juma hili

1. Karatasi ya asiransi ya gari letu iko wapi, na inaisha tarehe gani?
2. Kati yetu, nani ameisoma mpaka mwisho?
3. Ajali zetu za miaka mitatu iliyopita ni ngapi, na PV zake ziko kwa nani?
4. Shofere wetu tunamlipa kwa namna gani? Namna hiyo inamsukuma kukimbia?
5. Nani wawili watakwenda kwenye ofisi tatu kuuliza bei, na watatuletea majibu siku gani?

Vikundi vitakavyofanya kazi hii vituletee majibu yao. Tutayaweka pamoja, ili mama wa Katuba asirudie safari ambayo mama wa Ruashi ameshaifanya.